Mji Usio na Makaburi

Mlango ule haukuwa mlango. Mrisho aliuchora mwenyewe kwa ncha ya patasi kwenye kipande kimoja cha mninga, kijumba cha ukubwa wa ngumi, bila bawaba na bila uwazi wowote ndani. Lilikuwa gogo tu lililofananishwa na nyumba. Na asubuhi ile, alipoinama juu ya meza kupuliza vumbi, aliukuta umeachia, upana wa ukucha.

Alidhani mti umepasuka. Mninga usiokaushwa vizuri hupasuka, na fundi anayemuuzia mtu mti mbichi ni mwizi. Ndivyo Mrisho alivyozoea kusema, kwa sauti, mbele ya mafundi wenziwe wa Bagamoyo, na ndiyo maana hakuwa na marafiki wengi. Akaingiza ukucha kwenye ufa. Ufa ukasogea. Ndani mlikuwa na giza, na katika giza lile dogo ikatoka harufu aliyoijua lakini hakutaka kuijua: karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu wakikafiniwa.

Akausukuma mlango ukafunga. Hakumwambia mkewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho kabla Wadachi, ndio Wajerumani, hawajapandisha bendera yao pwani. Wazungu wa kila kabila walikuwa wakipita na ramani zao, na mmoja wao, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, alipanga nyumba karibu na forodha akatangaza kwamba kampuni yake itajenga njia ya gari la moshi kutoka Bagamoyo hadi bara. Chuma hakuwa nacho, makaa hakuwa nayo. Alichotaka kwanza ni meza: nchi nzima ikiwa ndogo juu ya mbao, reli za nyaya za shaba zile za kunakshia makasha, gari la mpingo lenye moshi wa sufi, aipeleke kwao matajiri waione na kufungua mikono.

Mrisho hakuwahi kuona gari la moshi. Alioneshwa picha, akaielewa, akaanza kazi. Akachonga mji wa Bagamoyo, akachonga mashamba ya Makurunge, akaweka daraja juu ya mto Ruvu. Ugomvi ulikuja ng'ambo ya mto, njia ya kuelekea Lugoba, mahali palipokuwa na nyika tupu. Bwana Miwani akataka pale pawe na mji. Matajiri, alisema, hawatii mali yao kwenye nyika. Na mji wenyewe uwe na habari zake, nani aliuanzisha na watu wake wanalima nini, ili apate cha kuwasimulia. Mrisho akamjibu kwamba pale hapana mji, pana mbung'o. Akamwambia pia kwamba yeye anauza milango, hauzi uongo, na akaanza kukusanya patasi zake.

Sauti ikatoka mlango wa uani.

"Uite Kwa Mwaija."

Alikuwa mkewe, Mwanamkasi, ambaye nyumba nzima ilimwita Kasi. Mwaija alikuwa mtoto wao wa pekee. Ndui iliyoshuka na msafara wa wapagazi ilimchukua akiwa ndiyo kwanza ameanza chuo cha Kurani, na tangu maziko mama yake hakusema neno. Alipika, alifagia, alichota maji, kimya. Zamani alimwita mumewe Baba Mwaija; sasa hakumwita chochote. Mrisho akamtazama pale aliposimama na upawa mkononi. Akazirudisha patasi mezani, na mtu aliyejivunia ukweli maisha yake yote akauchonga mji wa uongo.

Habari zake alizitunga Kasi. Kila alasiri aliketi kwenye mkeka pembeni ya meza akisuka ukindu na kusimulia. Mji uliasisiwa na wanawake waliokimbia njaa na mbegu za mtama vichwani. Wana kisima kisichokauka. Misafara hupita mbali, haiwaletei maradhi. Hakuna aliyewahi kufa pale, kwa hiyo hawana makaburi. Mrisho aliyasikia haya akiwachonga wanawake hao, vijitu vya mbao vyenye mitungi na mtama, na akanyamaza, kwa sababu mkewe alikuwa anaongea, na safari moja alicheka, akisema watu wa Kwa Mwaija watalikimbia gari la moshi kisha watalitupia mawe kwa aibu ya kukimbia. Nyumba ya mwisho mjini, ile iliyo karibu na reli, alisema ni ya mtoto.

Sasa, pwani hii hakuna asiyejua kijumba kidogo ni cha nani. Mashambani huko watu huwajengea mizimu vibanda vya kufika magotini, wakafukiza ubani na kuweka chakula kidogo, na chenye kukaa mle hukaa. Ndiyo maana watoto wakicheza nyumba za mchanga, mama zao huwaambia wazibomoe kabla ya magharibi. Kasi aliambiwa hivyo utotoni, na Mrisho aliambiwa. Lakini hii ilikuwa kazi ya Mzungu, iko juu ya meza, ina reli. Haikuwapitia akilini. Kasi akafukiza ubani chini ya meza, akasema unazuia mchwa. Kisha Alhamisi moja, jioni ambayo watu huwakumbuka maiti wao, akaweka punje chache za wali wa nazi mbele ya nyumba ya mwisho.

Asubuhi wali haukuwapo. Mrisho akasema ni panya. Alhamisi ya pili Kasi akauweka kwenye kibakuli cha kifuu, na asubuhi kilikuwa safi kana kwamba kimerambwa. Baada ya hapo ndipo mlango ulipoachia.

Mambo yakaanza kuja mchana, jua la utosi, saa ile ambayo mji wote umelala na hata kuku wamejificha kivulini. Mrisho akiwa amejinyoosha barazani alisikia magurudumu. Gari lile la mpingo lilikuwa linakwenda. Lilikwenda taratibu juu ya nyaya za shaba, likafika mwisho, likasimama, likarudi. Aliponyanyuka kuchungulia lilikuwa limetulia mbele ya nyumba ya mwisho, na sufi ya moshi wake ilikuwa imelowa.

Kasi hakuonekana kuogopa. Alionekana kuwa na kazi. Alikuwa anapika zaidi na kula kidogo, kisha akawa hali kabisa, sahani yake anaichukua na kuingia nayo karakanani, anatoka nayo tupu. Mifupa ya shingo ikamtokeza. Pete ikawa inamtoka kidoleni akifua. Mrisho alimwuliza kwa upole, akamwuliza kwa hasira, na yeye alimjibu neno moja tu, kwamba ameshiba.

Ndipo siku moja, mchana uleule wa jua la utosi, Mrisho akamsikia mkewe anazungumza na mtu karakanani, akainuka bila kuvaa viatu akaufuata ukuta, akisikia sauti ya Kasi ikiuliza kama wali una chumvi ya kutosha, na baada yake sauti nyingine, nyembamba, ya mtoto mwenye mafua, ikijibu kwamba una chumvi, Mama, lakini ni kidogo, Mama, leta mwingine, na Mrisho akasimama pale na mkono wake ukutani, jasho likimtiririka mgongoni na harufu ya karafuu maiti ikimjaa kooni, kwa kuwa sauti ile ilikuwa ya mwanawe, hapana shaka ilikuwa yake, na hata hivyo palikuwa na kitu ndani yake kisichokaa sawa, kama ubao uliopigwa randa vizuri lakini umekatwa upande, na kila alipotaka kukishika kilimponyoka.

Hakuingia. Alijionea haya baadaye, lakini hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mganga wa majini, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, na mtaa mzima ulimwogopa kwa ulimi kuliko kwa uganga. Mrisho alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza yote tangu Bwana Miwani mpaka wali. Bi Somoe alimsikiliza akichambua mchele.

"Maiti hawarudi, fundi. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Basi lililopo kwako ni jini, mpita njia. Limekuta nyumba ina jina, ina ubani, ina chakula, haina mwenyewe. Wewe ungepita?"

Mrisho akamwomba aje alifukuze, na akasema ataichoma meza yote moto kama hapana budi. Bi Somoe akamwambia akiichoma meza, kile kilichomo kitahamia kwa aliyekuwa anakilisha, tena hakitatoka. Halikuvunja mlango, alisema. Lilikaribishwa. Na uongo ndio kuta za nyumba yake.

"Mji usio na makaburi ni mji wa majini, mwanangu. Uwekeeni kaburi. Udongo ufinyange wewe, lakini jiwe la kichwani aliweke yeye aliyekilisha, na aseme ni la nani. Asiposema, mwezi huu utamzika."

Walifika nyumbani alasiri. Kasi alipoambiwa hakulia wala hakubisha. Aliketi sakafuni mbele ya meza, akaifunika ile nyumba ya mwisho kwa viganja vyake viwili kama mtu anayekinga taa na upepo. Mrisho akakanda udongo. Mikono iliyochonga nusu ya milango ya mji ule ikafinyanga kijirundo kisichozidi kidole gumba. Akakiweka pembeni ya mji, nje ya nyumba za mwisho. Bi Somoe akawasha chetezo cha ubani akaanza kusoma, taratibu, akikatizwa na kikohozi. Mbele ya Kasi akaweka kijiwe cheupe.

"Kasi," alisema Mrisho. "Nimebakiwa na wewe tu."

Kasi akaondoa viganja.

Jua lilikuwa linashuka. Mwanga wa karakana ukawa mwekundu kisha wa kijivu, na mlango ule usio mlango ukaachia, ukaachia zaidi, na harufu ikatanda mpaka Bi Somoe akaziba pua kwa upande wa kanga yake bila kuacha kusoma, na gari la mpingo likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa kasi zaidi kila safari, nyaya za shaba zikilia kama meno yanayosagana, na vijitu vile vya mbao alivyovichonga Mrisho, waanzilishi wa mji na mitungi yao na mtama wao, vikawa vyote, hakuna aliyeona vikigeuka, vimeelekeza nyuso zao kwa Kasi, na kutoka ndani ya gogo la mninga, palipokuwa hapana nafasi hata ya kuingia chungu, mtoto akauliza:

"Mama, hilo la nani?"

Kasi alikishika kijiwe. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Mrisho alitaka kusema yeye, neno lilikuwa mdomoni, na Bi Somoe akamkanyaga mguu.

"Mama. Hilo la nani?"

"La Mwaija binti Mrisho," alisema Kasi. "Alikufa kwa ndui. Nilimwosha mwenyewe."

Akakipachika kijiwe kwenye udongo.

Gari likasimama. Kilichosema baada yake kilisema kwa sauti ileile nyembamba, lakini sasa imepotea njia, kama ya mtoto aliyeachwa sokoni.

"Na mimi?"

Kasi alipiga magoti kabisa, uso wake ukalingana na ule mlango mdogo. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya reli.

"Wewe sikujui," alisema. "Nenda. Umekula, umeshiba. Nenda."

Upepo mdogo ukatoka, ukapita usoni kwake, ukainua upindo wa kanga yake kama mkono unaoshika na kuachia. Kisha hapakuwa na kitu. Mrisho akapitisha ukucha kwenye mlango wa nyumba ya mwisho. Ulikuwa gogo. Hakuna ufa.

Bi Somoe akazima chetezo, akasema huyu mwanamke apewe uji kabla hajaanguka, na akaondoka akikohoa.

Bwana Miwani alipokuja kuchukua meza yake akaliona kaburi, akauliza ni nini, akaambiwa. Akataka liondolewe. Matajiri hawapendi mambo kama hayo, alisema, na mji ulikuwa mzuri bila hilo. Mrisho akamjibu kwa hasira yake ya zamani, kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani, kwamba mji unauzwa na kaburi lake au hauuzwi, na kama anataka mji ambao watu hawafi akautafute kwao. Meza ikapakiwa vilevile ilivyo.

Ijumaa iliyofuata Kasi alikwenda makaburini, mara ya kwanza tangu maziko. Mrisho alimsindikiza, akasimama mbali kidogo. Aling'oa majani, akanyunyiza maji ya mawaridi, akakaa. Walirudi pamoja, na walipofika karibu na nyumbani Kasi akapunguza mwendo.

"Baba Mwaija."

Mrisho akasimama. Alikuwa amelisahau jina hilo.

"Usidhani nilidanganyika," alisema Kasi. "Nilijua tangu mchana wa kwanza. Mwaija hakuwahi kuniita Mama. Aliniita Kasi, kama wewe."

Hapo Mrisho akakishika kile kitu kilichomponyoka ukutani siku ile. Akamwuliza basi kwa nini alikilisha.

Kasi aliikaza kanga yake mabegani.

"Kiliniita Mama," alisema. "Sina mwingine wa kuniita."

Akatangulia kuingia ndani, na Mrisho akabaki nje, mkono wake juu ya mlango alioutengeneza mwenyewe, hawezi kuusukuma.