Cherehani ya Mtahini

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta mwenyewe. Alikuja kulikiri hilo baadaye, kituo kizima kilipochoka kumcheka.

Barua isiyo na jina ilisema: "Mtahini wa udereva anahongwa na fundi viatu." Inspekta akaenda kupekua nyumba ya mtahini, mama mjane aliyefelisha nusu ya mji. Akakuta cherehani mpya, nailoni yake haijabanduliwa. Kizibiti hicho! Akamwita na fundi kituoni, akawaketisha wote wawili mezani kwake, kalamu ya kumfukuzisha mama kazi ikimwasha mkononi.

"Cherehani umepewa na nani?"

"Na huyu fundi. Ya kwangu ilikufa, na binti yangu anaishi kwa kushona. Akasema ni msaada."

"Msaada!" Inspekta akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Fundi, uliomba leseni?"

"Ndiyo, afande. Nimetahiniwa mara tatu."

"Aha! Kabla ya cherehani au baada?"

"Zote baada."

Inspekta akafungua jalada kwa mbwembwe. Fomu ya kwanza: amefeli, amegonga nguzo. Ya pili: amefeli, ameigonga ile ile. Ya tatu: amefeli, nguzo imeanguka. Zote saini ya mama.

Kicheko kikamkauka.

"Sikiliza, fundi. Hongo ina ndoana, msaada hauna. Ndoana yako iko wapi?"

Fundi akainama, akatazama viatu vyake kama vya mteja.

"Nakiri, afande. Nilimhonga."

Mama akageuka mzima mzima. "Ulinifanya nini?"

"Si kwa leseni, bibie! Leseni yenyewe ya nini, nami sina hata toroli? Mle garini tunakuwa sisi wawili tu, dakika ishirini. Nataka kukuoa."

Inspekta akaisoma barua upya. *Anahongwa.* Lo! Aliyeiandika alikuwa akisengenya mapenzi, yeye akaona jinai.

"Cherehani utaichukua leo leo," mama akasema. "Msaada hauji na posa mgongoni. Ukinitaka, njoo mikono mitupu, nikujibu bila deni."

Macho ya fundi yakalengwa na machozi. Inspekta, akitafuta pa kuificha aibu yake, akadakia:

"Na akija mikono mitupu, mama, atapita kweli, au utamfelisha na huko?"

"Atapita, afande. Ila atakaa kiti cha abiria."