Aliyehamishwa Bila Hodi

Harufu ndiyo iliyoanza. Chumba cha seva kilinuka moshi wa maganda ya korosho, na msimu wa korosho ulikuwa bado. Mwamina, fundi wa kompyuta wa tawi la chuo kikuu hapo Nachingwea, alikagua kila waya asione kilichoungua. Walikuwa wamezima mfumo wa zamani wa masomo ya mtandaoni, wakahamia mfumo huria, wa bure, ambao chuo kingejirekebishia chenyewe. Mashine ya zamani, mkuu wa chuo Dokta Mahamudu aliiuza chuma chakavu Ruangwa.

Kazi ilikuwa safi. Ila ukifungua somo lililorekodiwa, nyuma ya mwalimu alisikika mwanamke analia. Fatu, mdogo wake Mwamina, mwaka wa mwisho wa ualimu, alisikiliza somo zima kwa spika za masikioni. Alipozivua, sauti haikutoka tena. Jamani, mwalimu bubu atafundisha nini?

Mwamina akaingia kwa mkuu hasira zimemfika shingoni.

"Dokta, tuuzime mfumo. Mdogo wangu hasemi."

"Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka. Hawakuona kitu."

"Basi anadeka. Ijumaa tunazindua, usiniletee majini."

Mwamina akatoka haraka, maana angebaki angemrushia kiti.

Akamwita Bi Sikudhani, mganga wa Nambilanje. Saa saba mchana, jua utosini, bibi akamimina unga wa mtama mlangoni mwa chumba cha seva, na moshi ule ukawajia, ukawaingia puani ukashuka kooni, feni zikazunguka zenyewe, na kutoka kila spika ya jengo lile, madarasani, maktaba, ofisini, kilio kikapanda, kikapanda, mpaka Mwamina akajikuta ameng'ang'ania kanga ya bibi.

"Huyu anayelia ana hasira," bibi akanong'ona. "Mashine ile ilikuwa nyumba yake. Mmeiondoa bila hodi wala unga, kajihifadhi kooni kwa mtoto. Mrudishieni."

"Imeshayeyushwa, bibi."

"Basi aonyeshwe koo jingine. Lakini ukishamtaja mtu, mjukuu wangu, ndo basi."

Mwamina hakufikiri mara mbili. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa halali yake.

"Mahamudu," akasema. "Yeye ndiye aliyeuza nyumba yake."

Kilio kikakatika. Jioni Fatu akaomba chai.

Ijumaa Dokta Mahamudu akashika maikrofoni mbele ya wageni. Midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamsimama, kimya. Macho yakamtoka, yakamtafuta Mwamina ukumbini.

"Dada, anaumwa yule," Fatu akasema, akiinuka. "Nikamwitie mtu?"

"Kaa," Mwamina akamwambia. "Endelea kuongea. Nataka nikusikie."