Pumba za Kuku na Tumbo la Chiriku

Kila asubuhi, kabla mashine ya kusaga haijaanza kunguruma, Chiriku alifagia unga uliomwagika jana yake, akawapelekea kuku pumba bandani, kisha akaingia jikoni kunywa chai. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya mashine, ukuta kwa ukuta, na baba yake ndiye aliyekuwa msagaji wa mtaa mzima. Jina la Chiriku alipewa na baba huyohuyo, kwa sababu mtoto alianza kusema mapema na tangu siku hiyo hakunyamaza.

Mezani paliwekwa mkate wa mama, mweupe pe. Baba aliuonea fahari sana weupe ule. Nafaka ya nyumbani aliikoboa, akaikoboa tena, na mama naye akauchekecha unga mpaka ukawa laini kama poda. "Watoto wa msagaji wale makapi? Thubutu!" alisema baba. Makapi yote yalikwenda kwa kuku. Mchana ulikuwa wali mweupe, jioni mkate tena. Mboga za majani Chiriku alizisukumia pembeni mwa sahani, na maji aliyakwepa, eti hayana ladha.

Sasa, wiki moja Chiriku akawa kimya. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwashtua watu, lakini kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Tumbo la mtoto lilikuwa gumu na zito. Akienda chooni anakaa, anajikamua, jasho linamtoka, kisha anatoka kama alivyoingia. Yeye ambaye angekusimulia ndoto nzima bila kuvuta pumzi, hili alishindwa kumwambia mtu. Aibu ilioje! Angeanzaje kumwambia mama, "Sipati choo"? Wadogo zake wangemcheka mpaka mwakani.

Na balaa hilo lilimjia wakati mbaya kweli. Chiriku alikuwa mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete, na mechi kubwa ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mwalimu wa michezo, mtu wa kifua kipana na filimbi isiyotoka shingoni, alimwona mazoezini akiruka kwa shida.

"Wewe Chiriku, una nini leo?"

"Sina kitu, mwalimu."

"Huna kitu, na umejishika tumbo hivyo? Haya, sikiliza. Ikifika Alhamisi ijayo hujachangamka, nafasi yako nampa Twiga."

Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani, alitazama chini kwa adabu, lakini tabasamu lilimponyoka. Chiriku alirudi nyumbani moyo ukimuuma kuliko tumbo. Nafasi ile alikuwa ameihangaikia mwaka mzima.

Jumapili shangazi yake alikuja kula nao. Shangazi huyu alikuwa muuguzi, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumtania baba akabaki salama. Aliukata mkate, akaugeuzageuza.

"Kaka, mbona kuku wako wanakula vizuri kuliko wanao?"

"Una maana gani?"

"Ganda la nafaka ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi ndizo zinazosaidia chakula kisonge tumboni, mtu aende choo bila taabu. Wewe unaziondoa zote, unawapa kuku!"

Baba aliangua kicheko. "Kumbe ndiyo maana wanapiga kelele vile, wana raha zao!"

Shangazi aliendelea kueleza, ila Chiriku hakusikia tena hata neno. Akili yake ilikuwa imeshatoka nje, imefika bandani, imesimama mbele ya gunia la pumba.

Kesho yake alfajiri alichota pumba bakuli zima, akazikorogea ndani ya uji wa jana pamoja na sukari, akafumba macho akala. Lo! Zilimkwaruza koo, akakohoa, akajikaza kisabuni mpaka akamaliza. Maji alikunywa funda moja tu, akatoka mbio kwenda shule akijiona mjanja.

Kabla ya mapumziko tumbo lilianza kunguruma kama mashine ya baba. Likajaa gesi, likavimba, sketi ikambana. Kila aliposogea kwenye dawati alibana pumzi, maana aliogopa lisije likamwaibisha mbele ya darasa. Mazoezini hakwenda. Jioni alijikunja kitandani, na mama, kwa wasiwasi, akampigia shangazi simu.

Shangazi alipofika aliwatoa wote chumbani. Alimbonyeza tumbo taratibu, akamuuliza kama ana homa, kama ametapika, kama ameona damu. Yote hapana. Kisha akamwinamia. "Mwanangu, choo unapata?"

Hapo Chiriku alilia. Akasema yote bila kuficha, habari za choo, za nafasi yake kwenye timu, mpaka za bakuli la pumba.

"Za gunia la kuku?" Shangazi alishika mdomo, lakini kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akafuta machozi. Chiriku naye akajikuta anacheka huku analia, na mzigo wa aibu ukapungua. "Sikia, mama. Zile zina vumbi na uchafu, si chakula cha watu. Halafu umelishtukiza tumbo. Nyuzinyuzi huongezwa kidogo kidogo, tena kwa maji ya kutosha. Bila maji ndiyo umezidi kujifunga. Na ungekuwa na homa, au unatapika, hapo tungekwenda hospitali."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Kumbe nimekuwa nikiwanyima chakula kwa mikono yangu mwenyewe," alisema kwa unyonge.

"Hukujua, kaka. Kesho saga bila kukoboa, basi."

Nyumba haikugeuzwa juu chini. Mama alianza kwa kuchanganya unga mpya na ule mweupe, siku baada ya siku akiupunguza mweupe. Maharage yalirudi mezani, mchicha haukusukumwa tena pembeni, na chungwa lililiwa pamoja na nyama zake badala ya kukamuliwa. Chiriku alibeba chupa ya maji shuleni. Mkate ulianza kupata rangi ya udongo, na wadogo zake waliununia mara ya kwanza, ya pili wakagombania kipande cha mwisho.

Alhamisi asubuhi Chiriku alitoka chooni akiimba. Kufikia wakati wa kiamsha kinywa, alikuwa ameshawasimulia ndoto mbili. Baba alimtazama mama, wakacheka.

Jioni yake aliruka mazoezini mpaka Twiga mwenyewe akampigia makofi. Jumamosi timu yao ilishinda, na bao la mwisho lilikuwa lake.

Jioni hiyo shangazi alimkumbatia. "Umeona? Matunda, mboga, maharage, unga wenye ganda lake na maji. Hakuna hata kimoja cha kutafuta mbali. Lakini kubwa kuliko yote, mwanangu, mwili ukikuuma, sema. Choo si matusi. Ungesema mapema, usingeteseka wiki nzima."

Jumatatu, Chiriku alipokuwa akifagia, mwalimu wa michezo aliingia kwenye mashine. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akakohoa.

"Eti, Chiriku... nasikia kuna unga fulani mnasaga siku hizi. Si wangu, ni wa kuku wangu."

"Kwani mwalimu unafuga kuku?"

Mwalimu aliishika filimbi yake. "Sifugi," akasema kwa sauti ndogo.

Chiriku hakucheka. Alimpimia unga usiokobolewa, akaufunga vizuri, akamsogelea asije akasikika na wateja wengine.

"Anza kidogo kidogo, mwalimu," alimnong'oneza. "Na unywe maji."