Si Damu ya Mama

Mama Kidoti alikuwa akipiga pasi nguo za wateja, mama mkwe wake akaanza tena.

"Kwetu hakuna kifafa. Hiyo ni damu ya kwenu."

Kidoti, binti wa miaka mitatu, alikuwa hoi mkekani. Alikuwa ameanguka mara mbili tangu asubuhi. Dawa alikunywa kila siku, na kila siku hali ilizidi. Baba yake aliendelea kufunga kamba za viatu.

"Na wewe umemeza ulimi?" mkewe akamgeukia. "Natukanwa unanitazama. Leo majibu ya kipimo cha damu yanatoka. Tunakwenda wote, na mama aje ayasikie."

Kliniki, muuguzi aliwaeleza taratibu.

"Jeni ni maelekezo ya mwili. Seli huyanakili, ikakata vipande fulani, ikaunga vinavyobaki. Jeni moja huungwa kwa namna nyingi, na ubongo unategemea sana kazi hiyo ili ukue na ufanye kazi vizuri. Kwa Kidoti, herufi moja ya maelekezo hayo imebadilika pale pa kukatia. Kipande kinachohitajika kinaachwa nje. Seli za kutuliza ubongo zinakosa nguvu, ndipo anaanguka."

"Kampa nani?" bibi akauliza.

"Hakuna. Tuliwapima wazazi wote wawili, hawana badiliko hilo. Limemtokea mwenyewe."

"Mama, umesikia?" baba Kidoti akasema. Bibi akainamisha macho.

"Na dawa?" mama Kidoti akauliza.

"Hiyo haifai kwa kifafa cha aina hii. Humzidishia."

Mama Kidoti akasimama. "Miezi minane namzidishia mwanangu ugonjwa kwa mkono wangu? Kwa nini hamkumpima mapema?"

"Tulichelewa. Una haki ya kukasirika," muuguzi akajibu. "Lakini usiikatishe ghafla nyumbani. Daktari ataipunguza kidogo kidogo na kuanza nyingine. Akipata homa, mtibuni upesi, maana joto humwangusha."

Walifuata kila neno. Baada ya miezi minne, Kidoti alianguka mara moja tu kwa mwezi. Alianza kuunganisha maneno. Kutamka kulimwia vigumu bado, lakini alicheka na kukimbilia mlangoni.

Siku moja bibi alimpakata Kidoti, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, nisamehe."

Mama Kidoti hakuacha kukunja nguo. "Majirani ulikwenda kuwaambia nyumba kwa nyumba kuwa ni damu yangu. Kanisafishie huko huko."

Bibi akavaa kandambili zake. Akaanza na nyumba ya jirani wa kwanza.