Chupa za Dirishani

Redio ilikoroma saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

"Nyigu. Lori jeupe la tenki, linaelekea hospitali kuu. Lizuie."

"Kuna nini, Mkuu?"

"Tumenasa simu ya yule mgeni wa suti ya kijivu tunayemfuatilia, wakala wa waagiza dizeli ya nje. Saa nne umeme unakatwa mji mzima kwa matengenezo. Anasema jenereta za hospitali zitazimika, na kiwanda kilichouza mafuta kitafungwa. Kuna mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji."

Nyigu akakanyaga pedali mpaka chini.

Lori lile alilijua vizuri mno. Rangi yake aliipaka dada yake, Mungu amrehemu. Dada aliyezunguka na madumu kwenye majiko ya mahoteli, akiomba mafuta yaliyokaangia viazi mpaka yakawa meusi tii. Wakamcheka. Wakamwita mama takataka. Kisha takataka zile zikawa dizeli inayoendesha malori, na waliomcheka wakaanza kumwita mama mkurugenzi. Watu bwana.

Akalipita lori kwenye mzunguko, akageuza Land Cruiser mbele yake.

Breki zikalia. Bastola ya Glock ikatangulia, Nyigu akafuata.

"Dada, nimekosa nini mimi?" Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alishuka mikono juu.

"Chupa ya sampuli iko wapi?"

"Bosi kasema leo haina haja."

Nyigu akaishusha bastola. Bosi alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu. Na sheria ya dada ilikuwa moja tu: tenki halitoki mpaka dereva atikise chupa, nusu mafuta, nusu maji. Mafuta yaliyoiva hujitenga na maji upesi. Yasiyoiva yamejaa sabuni, hugeuka meupe na kubaki hivyo, na yakiingia kwenye jenereta huziba chujio.

Akafungua koki, akajaza nusu chupa, akaongeza maji ya kunywa ya dereva. Akatikisa.

Uji mtupu.

Walisubiri dakika tano. Uji ule ule.

"Nimebeba nini jamani," dereva alinong'ona, akakaa chini barabarani.

"Mkuu, mafuta ni mabovu. Hayafiki."

"Safi. Hospitali watatumia akiba yao ya zamani. Mgeni tumemdaka uwanja wa ndege kwenye ukaguzi, viatu mkononi. Bado mtu wake wa ndani."

"Huyo niachie mimi."

Shemeji alikuwa ofisini, anakunywa chai. Nyuma yake chupa zilijipanga dirishani, moja kwa kila tenki lililowahi kutoka.

"Karibu, shem. Umepotea sana."

"Nipe sampuli ya leo."

Akampa bila wasiwasi. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilikuwa na tarehe ya leo. Nyigu akamimina nusu kwenye glasi, akaongeza maji, akafunika kwa kiganja na kutikisa. Mafuta yakapanda juu, safi, ya dhahabu.

"Umeona? Hao waliokutuma wanakudanganya."

Yalikuwa safi kupita kiasi. Nyigu akaikwangua karatasi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya zamani, mwandiko umelala kushoto. Mwandiko wa dada. Tenki la kwanza.

Akaigeuza chupa, akamwonyesha mwandiko ule.

"Umemfunika mke wako, shemeji. Ukose chupa nyingine yoyote, uchukue hii?"

Shemeji akaweka kikombe chini. "Ndiyo pekee niliyokuwa na hakika nayo." Akatazama meza. "Dada yako alikufa ananuka mafuta ya watu. Yule mgeni aliniahidi kazi kwao, nikaanze upya. Nimechoka, shem. Kila mashine hapa ina sauti ya dada yako."

"Na yule aliye kwenye meza ya upasuaji?"

Shemeji akanyoosha mikono yote miwili.

Nyigu akamfunga pingu.

"Mkuu, nimemkamata."

"Kazi nzuri. Sasa weka lakiri mlangoni. Kiwanda kinafungwa, amri ya juu."

"Mkuu, hicho ndicho alichotaka mgeni."

"Nimesema amri ya juu, Nyigu."

Nyigu akazima redio.

Wafanyakazi walitoka mmoja mmoja, aproni mikononi, bila kuuliza. Nyigu akabana lakiri kwenye mlango aliosaidia kuupachika miaka kumi nyuma.

Shemeji alicheka kidogo, cheko kavu. "Kumbe wameshinda hata bila mimi."

"Hapana," Nyigu alisema. "Bila wewe wasingeweza."

Akamkabidhi kwa askari waliofika. Akavaa miwani yake ya jua, akaweka chupa ya dada kwenye kiti cha abiria, akaifunga mkanda. Kisha akaondoka taratibu, isije ikapasuka.