Kwa Nini Unampenda Bi Mwajabu?

Kihuishi kilihitaji sekunde saba tu kumtoa mtu kitabuni. Kwanza ulisikia mvuke ukipulizwa kutoka sakafuni, mwembamba kama wa chungu kinachoanza kuchemka. Halafu mianga elfu tatu ikawaka darini, mvuke ukashika rangi, na mbele yako akasimama mhusika mzima mzima, anakutazama machoni na kukungoja uanze wewe.

Hapo ni Nyumba ya Wahusika, mjini Morogoro, mwaka ambao treni za anga zilikuwa zimeshazoeleka hata mbuzi wa Kihonda walikuwa hawazishangai tena. Watu walitoka mbali kuja kuwaona wapenzi wao wa vitabuni. Chumba cha kwanza alikaa Inspekta Mbonea, mpelelezi hodari anayeogopa mbwa. Cha pili alikaa Tindo, dereva wa lori la mwezini, ambaye kila bandari ana mchumba na kila mchumba anadhani yuko peke yake. Na cha tano, chenye foleni ndefu kuliko vyote, kilikuwa cha Bi Mwajabu.

Kama hukuisoma riwaya ya *Funguo Ishirini na Tatu*, nikuambie kwa kifupi. Bi Mwajabu ni mtunza stoo wa hospitali ya Kitopeni, mji ambao haujawahi kuwapo. Funguo zake zote zinaning'inia kiunoni. Ukienda kumwomba bandeji atakusema mpaka ujute kuzaliwa, atakufukuza, atakufungia mlango. Lakini jioni utaikuta bandeji juu ya kitanda cha mgonjwa wako, na kando yake bakuli la uji. Hajawahi kukiri hata mara moja kwamba ni yeye.

Mhandisi Salvina Mkude alikisoma kitabu hicho akiwa na miaka kumi na mitatu, amekificha chini ya dawati. Alipokua akakitengeneza kihuishi, na mtu wa kwanza kumtoa kitabuni alikuwa Bi Mwajabu. Kwa miaka mitatu bibi huyo aliwasema wageni, akajifunza kwa kila mgeni, na foleni ikazidi.

Sasa shida ilianzia mlangoni. Hapo Salvina alikuwa ameweka mashine nyingine, ndogo, aliyoiita kipima-sababu. Kila mgeni akitoka iliuliza swali moja: "Kwa nini unampenda?" Jibu liliandikwa ubaoni pamoja na jina lako, wote walisome, na wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, kihuishi kiliyachukua majibu yote na kumrekebisha mhusika ili azidi kupendwa kwa sababu hizo hizo. Wazo zuri, au siyo? Hata Salvina alijisifu.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, aliingia fundi mmoja wa majokofu anayeitwa Lugusha, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, mrefu, sauti nzito. Alikuwa haikosi Alhamisi. Salvina alimwona kupitia kioo akisimama mbele ya mvuke, anatabasamu kabla hata bibi hajatokea.

"Karibu sana, mpendwa wangu," alisema Bi Mwajabu kwa sauti ya asali. "Pole na majukumu. Nikusaidie nini siku ya leo?"

Tabasamu la Lugusha lilikatika. Akasogea karibu kana kwamba kakosea mtu.

"Bi Mwajabu, ni mimi. Sijanyoa ndevu wiki ya pili hii. Huna la kusema?"

"Unapendeza hivyo hivyo, mpendwa. Pole sana."

Lugusha alitoka bila kujibu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wahandisi, akaugonga kwa ngumi.

"Nani mkubwa hapa?"

"Shikamoo. Ni mimi," alisema Salvina.

"Marahaba. Mmemuua. Nimekuja kuwaambia tu, mmeua mtu."

Salvina alimkaribisha kiti, akamweleza taratibu kwamba hakuna aliyeuawa, ni marekebisho tu, na yametoka kwa wasomaji wenyewe. Akamfungulia majibu. Mstari baada ya mstari: *Ana huruma. Ana upendo. Ni mama wa wote. Ana huruma.* Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anampenda kwa ukali wake. Waliotaja ukali ni wale waliolalamika.

"Na wewe uliandika nini?" aliuliza Salvina.

Lugusha akakuna kidevu. "Niliandika ana huruma."

"Unaona!"

"Sasa ulitaka niandike nini, ubaoni, na jina langu, na mashemeji zangu wanapita hapo? Kwamba nampenda kwa kuwa aliniambia nanuka kama gunia la dagaa?"

Salvina akairudisha orodha mpaka juu. Jibu la kwanza kabisa katika orodha lilikuwa la kwake mwenyewe, la siku ya uzinduzi, mbele ya wakubwa. *Ana huruma.* Na yeye alipokuwa na miaka kumi na mitatu, chini ya dawati, alikuwa anabana pua asicheke kwa sauti. Ilikuwa ni kwa matusi, wala si kwa huruma.

"Alikwambia hivyo kweli?" aliuliza.

"Mke wangu alifariki mwaka juzi," alisema Lugusha. "Nikaletewa roboti za rambirambi, nne, bure, za mtaa. Unazijua. Zinakupa pole kwa sauti laini, asubuhi pole, mchana pole. Majirani nao wakaona roboti zipo, wakatuma ujumbe wa pole. Miezi minane, mhandisi, mimi nimepewa pole tu. Nikawa sijifui, sioni faida. Siku moja nimeingia hapa kukwepa mvua. Huyu bibi akanitazama juu mpaka chini akaniambia, 'Wewe gunia la dagaa, unangoja marehemu afufuke aje akufulie shati? Nenda kaoge, ukirudi nina kazi na wewe.' Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikarudi."

Salvina akaifunga orodha ya majibu. Alipofiwa na baba yake na yeye aliletewa zile roboti. Hakuwahi kulia wala kucheka. Alisaini tu fomu na kurudi kazini siku ya tatu. Kumbe moyo ulikuwa bado umemjaa, na hakuwa amelijua hilo mpaka asubuhi ile.

"Fundi, wewe kwenu wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

"Mimi Mluguru wa Matombo."

Lugusha akamtazama upya, na uso wote ukafunguka, maana makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. "Lo! Mtani wangu! Ndiyo maana mmeharibu. Watu wa kuning'inia milimani kama nyani, nani aliwapa mashine?"

"Afadhali sisi tunaoning'inia. Nyie mlibebeshwa mizigo mpaka pwani, mkakusahau kwenu!"

Wakacheka wote wawili, cheko la watu waliojuana zamani, na Salvina akaacha kucheka ghafla.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Bi Mwajabu ni mtani. Ni mtani wa kila mtu. Mashine yangu inapima maneno, ikasikia tusi ikaandika tusi."

"Umechelewa kujua, lakini si kosa lako, ni la kabila."

Hapo ndipo Salvina alipomweleza ubaya uliobaki. Jumamosi saa sita mchana Bi Mwajabu angekazwa. Kukazwa maana yake ni kufungwa sura na tabia moja kwa moja, kisha kutumwa maktaba zote za nchi, na baada ya hapo hata aliyemtengeneza hawezi kumgusa. Na yule Bi Mwajabu wa miaka mitatu alikuwa amefutwa, marekebisho yameandikwa juu yake. Kilichobaki ni kitabu. Ukimtoa upya kitabuni atawasema wagonjwa wa Kitopeni, hatajua kumsema mtu aliyesimama mbele yake.

"Basi tumfundishe," alisema Lugusha.

"Nani amfundishe?"

"Mimi na wewe. Kuna Mnyamwezi na Mluguru, unataka chuo gani tena?"

Ijumaa nzima, kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri, watani hao wawili walikaa mbele ya kihuishi wakitukanana. Lahaula, ungewasikia! Viliguswa vichogo, mapua, wajomba, mapishi, mwendo na ukoo mzima. Mfagiaji aliyepita mlangoni alitaka kuita walinzi, kisha akavuta kiti akaanza kuchangia. Bi Mwajabu, mpya kutoka kitabuni, alisimama katikati ya mvuke akisikiliza, funguo mkononi.

Saa nane mchana alijaribu mwenyewe. Alimtazama Lugusha, akasema, "Wewe mjinga mkubwa."

"Aa-aa, hapana," alisema Lugusha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Mhandisi, sikiliza, hapa ndipo pa kukosea. Hilo ni tusi. Mtani hakutukani akaenda zake. Kijijini msibani, yule anayekutukana ndiye amekuchimbia kaburi, ndiye amekuchotea maji. Mdomo unatukana na jembe liko mkononi. Akitukana bila jembe, huyo ni mshenzi tu."

Salvina aliandika hayo kama alivyoyasikia, kisha akayageuza kuwa kanuni mbili. Bi Mwajabu asimseme mtu kabla hajaona kitu cha kweli kwake. Na akishamsema, lazima kuwe na jambo atakalomfanyia. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mashine.

Jumamosi saa tano akaja Mkurugenzi, Mama Nsia Urio, kwa ajili ya kutia saini. Alikuwa mwanamke wa utaratibu, kilemba kimenyooka, na viatu virefu vya rangi ya dhahabu. Alikwisha kusoma taarifa ya Salvina na hakuipenda.

"Mhandisi, malalamiko mia nne na kumi na mbili," alisema. "Watu wanakuja kwenye nyumba ya umma, wanatukanwa. Umerudisha kile kile tulichokiondoa."

"Mama, katika hao mia nne na kumi na mbili, mia tatu na tisini walirudi ndani ya wiki moja. Tangu awe mpole, wanaorudi hawafiki kumi."

"Takwimu si adabu."

"Basi ingia mwenyewe, Mama. Ukitoka umeudhika, mkaze yule mpole. Sitasema neno."

Salvina akamfungulia mlango wa chumba cha tano. Akasimama nyuma ya kioo, Lugusha kando yake.

Mvuke ukapulizwa. Bi Mwajabu akatokea, akamtazama Mkurugenzi tangu kilemba, akashuka, akashuka, akafika chini na kubaki huko huko.

"Wewe mwenye viatu vya bibi harusi," alisema. "Unachechemea tangu mlangoni unatudanganya ni madaha. Nani alikwambia cheo kinavaliwa miguuni? Kaa hapo. Vua. Vua, nimesema! Vidole vimebanwa kama ndizi kwenye tenga. Nina bandeji, ila sikupi, nyie wakubwa hamrudishi."

Mama Urio alisimama wima kwa muda ambao kwa Salvina ulikuwa mrefu kama kwaresima. Kisha akakaa kwenye benchi. Akavua kiatu cha kulia. Kisigino kilikuwa kimechubuka, chekundu. Upande wa ukuta droo iliyounganishwa na kihuishi ikafunguka, ndani mna plasta na ndara za wageni.

"Hizo si zangu," alisema Bi Mwajabu akigeukia kwingine. "Sijui nani kaziweka."

Mkurugenzi alianza kucheka taratibu, halafu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Alipotoka amevaa ndara, kipima-sababu kilimwuliza swali lake. Akafikiri.

"Navaa viatu hivi tangu Januari," alimwambia Salvina. "Ofisi nzima inaniambia nimependeza." Kisha akaandika: *Aliona mguu wangu.* Akatia saini, na kabla ya kuondoka akaagiza majina yaondolewe ubaoni. Saa sita kamili Bi Mwajabu akakazwa vile alivyo, na kwenda maktaba zote na mdomo wake.

Lugusha alipiga vigelegele kama mwanamke. Walipeana mikono, wakatukanana kidogo, wakaagana mpaka Alhamisi.

Alhamisi hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu, Bi Mwajabu alimwita Salvina kwenye mvuke. "Yule Mnyamwezi wako yuko wapi? Kafa? Kama kafa angeniaga, sina muda wa kumngoja."

Salvina akampigia simu. Nyuma ya sauti ya Lugusha kulikuwa na kelele za watu na sufuria.

"Siji," alisema Lugusha. "Niko kazini. Kihonda, Jengo la Saba, ghorofa ya kumi na nne. Njoo."

Alipofika, kwenye korido alizikuta roboti nne za rambirambi zimesimama ukutani, sauti laini zimenyamaza, hakuna anayezihitaji. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na wafiwa na majirani wameketi mikekani, na katikati Lugusha, kavaa kanga ya marehemu kichwani, mwiko mkononi, anakoroga ugali wa watu hamsini.

"Nyie Waluguru hata kufa hamjui!" alikuwa akifoka. "Mama mzima anakufa na nyundo yangu iko kabatini! Hazikwi huyu mpaka nyundo ipatikane!"

Mwanamume mmoja mwenye mvi, mume wa marehemu, alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, na binti zake wamemshika mabega, nao wanacheka na kulia vile vile. Salvina alisimama mlangoni. Akamkumbuka baba yake, na safari hii kilio kilikuja chenyewe. Aliona raha kulia.

Lugusha akamwona. Hakumpa pole.

"Huyo hapo! Kaja mikono mitupu, kasimama kama nguzo ya umeme! Mtani, hapa hulipwi kwa kutazama. Sufuria ziko jikoni, zinakungoja tangu asubuhi."

"Bi Mwajabu anakuuliza," alisema Salvina akijifuta uso.

"Mwambie nitakuja nikipata nafasi. Wiki hii nina misiba miwili."

Salvina akakunja mikono ya blauzi, akapita katikati ya watu akitukanwa mpaka jikoni. Sufuria zilikuwa kumi na moja, na ya kwanza ilikuwa imeungua chini.