Jani la Mchikichi Kwenye Unyayo

Siku ya Jumamosi soko la Mwanga halina pa kuweka mguu. Madumu ya mawese yamepangwa hadi njiani, dagaa wamemwagwa kwenye maturubai, na kila mtu anamwambia mwenzake apishe. Katikati ya kelele hizo Zuhra alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi. Alivaa dera la zambarau lililopauka mabegani kwa jua, na mtandio mweusi ameukaza kichwani usimwangukie kwenye kazi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi simu pekee wa kike kwenye mstari ule, na sifa za mkono wake zilishafika Kasulu.

"Dada fundi, na magari unatibu?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko. Marashi yake yalishinda harufu ya dagaa.

"Magari yanatibiwa gereji, kaka. Hapa simu."

"Hii ni ndugu yake simu." Akaweka mezani kamera ndogo, ile inayobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari kurekodi barabara. "Mimi dereva wa Noah, naitwa Swaibu. Mwenye gari anaishi shambani kwake Kasulu, na kila Jumamosi anataka video aone gari lake limepita wapi. Sasa analalamika. Anasema barabara haioni, anaona dashibodi imejirudia kwenye kioo kama mzimu."

"Jua hilo. Linapiga dashibodi, dashibodi inapiga kioo, kamera inachukua vyote."

"Kuna dawa?"

Zuhra alitabasamu kidogo. Alifungua kopo la vioo vibovu, akachagua kimoja, akabandua kwa wembe karatasi nyembamba yenye giza kama miwani ya jua. "Mafundi wanaiita polaraiza. Nipe simu yako."

Alipowasha simu ile, picha ya Swaibu ikatokea kwenye kioo, amesimama ufukweni Kibirizi. Zuhra akaweka ile karatasi juu yake, akaizungusha taratibu. Picha ikafifia, ikawa nyeusi kabisa.

"Nimekufuta," alisema.

"Yaani mapema hivi? Hata jina langu hujalizoea."

"Nikitaka nakurudisha." Akazungusha tena, na Swaibu akarudi, meno yote nje.

"Basi nirudishe kila Jumamosi," Swaibu alisema, naye Zuhra akajifanya anatafuta mkasi.

Walikwenda mpaka kwenye gari. Zuhra alikata duara, akaliweka mbele ya lenzi, akalizungusha huku akitazama picha kwenye simu. Mara dashibodi ikatoweka kwenye kioo, barabara ikabaki peke yake, imesafishika mpaka unaona kokoto. Akaibana kwa solotepu.

"Ni ya muda tu," alionya. "Gundi yangu ya kioo imeisha. Ikija nitaigandisha vizuri."

"Sauti usiiwashe," Swaibu alisema. "Inajaza kadi bure."

Kama kuna binti anasoma hapa, neno hilo alitie akilini. Zuhra hakulitia. Alikuwa anatazama ile mikono iliyokunjwa shati.

Ikawa kila Jumamosi Swaibu anakuja na kadi. Mwenye gari, Mzee Eliakimu, anapiga simu anataja saa anayoitaka, Zuhra anakata kipande na kumtumia. Mzee hakutaka dereva amchagulie. Alitaka fundi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo nipe ya Jumanne, saa nne asubuhi. Wewe ni mtoto wa Bi Ummy wa Kasingirima, sivyo?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Ego," mzee aliitikia kwa Kiha. "Ndiyo maana nakuamini."

Zuhra akishakata simu ya mzee, Swaibu naye anapiga, hata kama amesimama hatua kumi tu, kwenye kivuli cha duka la vitenge.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nakuona, Swaibu. Si uje uniulize hapa."

"Nikija utaniona nimechoka. Kwenye simu nina sauti nzuri."

Alimletea migebuka ya kukaanga imefungwa kwenye gazeti. Alimwita mpenzi mbele ya mafundi wote, wakapiga miluzi. Alisema mvua zikikatika atatuma wazee Kasingirima, na Zuhra akaanza kuhesabu mawingu. Alipokuwa akikata video alikuwa akiitazama ile barabara ya Ujiji na kujiona amekaa pembeni ya dereva, upepo wa ziwa unaingia dirishani.

Mama yake, Bi Ummy, ni mchoraji wa hina. Mabibi harusi wengi wa Ujiji wamepita kwenye mkeka wake. Ana desturi yake moja: akimaliza maua ya juu ya mguu, anamgeuza mwari, anamchora jani la mchikichi kwenye unyayo wa kushoto, unyayo ule tu. Anasema juu ni kwa ajili ya watu, chini ni kwa ajili ya mume.

"Huyo Swaibu wako," mama alisema Jumatano moja akikoroga hina, "mvua zimekatika lini?"

"Mama, bado kuna manyunyu."

"Mimi nimeanika mpunga siku tisa sasa." Aliendelea kukoroga. "Leo nimemchora Catherine wa Rusimbi, mke wa yule mzee wako wa video. Anasema mumewe anashuka Ijumaa. Nimemchora mpaka mgongo ukauma. Nami nikamwonea huruma. Mke mdogo, duka la vitenge kubwa, nyumba kubwa, na mume yuko Kasulu na migomba yake."

Jumamosi ilipofika, Swaibu alitupa kadi mezani, akambusu Zuhra kwenye mtandio, akaenda kuwahi abiria stesheni. Simu ya mzee ikaita.

"Mwanangu, nipe ya Alhamisi, saa nane mchana. Jana nilitaka kushuka, nikapata homa, ndiyo niko hapa nimelala. Nitaangalia gari langu nipoteze mawazo."

Zuhra alifungua kipande cha Alhamisi. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba barabara imekuwa nyeusi, na kile kioo kimejaa dashibodi upya, imekolea kuliko hata mwanzo. Akajua mara moja. Jua limelegeza solotepu, karatasi imezunguka. Alicheka kidogo, akijilaumu kwa uvivu.

Kisha akaona miguu.

Upande wa kushoto wa kioo, anapokaa abiria wa mbele, palikuwa na nyayo mbili zimeegeshwa juu ya dashibodi, mtu amejinyoosha kama yuko kitandani kwake. Zilikuwa nyekundu kwa hina mpya. Na kwenye unyayo mmoja, jani la mchikichi.

Mkono wa kiume uliingia kwenye picha, umekunja shati jeupe mpaka kwenye kiwiko. Kidole kikafuata jani lile kutoka kisigino mpaka kwenye vidole, polepole, wakati gari linapita Gungu.

Zuhra alirudisha nyuma, akatazama tena. Akarudisha. Muuza kava wa meza ya pili akamwuliza kama ameumwa na kitu. Alisema umeme wa betri umemrusha.

Alimpigia Swaibu. "Njoo."

"Nina abiria wa Kasulu, mpenzi."

"Washushe."

Alikuja baada ya nusu saa, tabasamu limetangulia. Zuhra hakumsalimia. Alimgeuzia simu tu. Swaibu alitazama mpaka mwisho, na tabasamu likamwisha. Hakukana. Pengine angekana, Zuhra angepata pa kuanzia kulia.

"Mzee ameshaiona?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Zuhra, ameshaiona?"

"Bado."

Swaibu alishusha pumzi, akavuta kigoda, akakaa.

"Tangu lini?" Zuhra aliuliza.

"Kabla yako."

"Siku ile ulipokuja na kamera?"

Swaibu aliokota bisibisi, akairudisha mezani.

"Nakuuliza. Mzee alilalamika kuhusu barabara, au?"

"Mzee aliniuliza kile kitu chekundu kwenye kioo ni nini. Nikamwambia ni mng'ao wa jua. Nikaulizia mafundi, wakaniambia kuna dada Mwanga ana akili, anaweza kuondoa vitu kwenye kioo." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemsifia. "Lakini baadaye nikakupenda. Hilo wallahi ni kweli."

Zuhra alitazama mikono yake mwenyewe. Vidole hivi ndivyo vilivyokata duara. Miezi mitano alikuwa akisafisha picha, akiona fahari, na mwanamke huyo amekaa pale pale alipokuwa akijiwazia yeye.

Simu ya mzee ikaanza kuita tena juu ya meza. Wote wawili waliitazama mpaka ikanyamaza.

"Ukimtumia, mimi nimekwisha," Swaibu alisema. "Naye Catherine amekwisha. Mwambie kipande hicho kimeharibika. Wewe neno lako kwake halina swali. Fanya hivyo, na kesho, si kesho kutwa, wazee wangu wako Kasingirima. Mama yako aandae mkeka."

Ndiyo posa yenyewe hiyo. Binti ameingoja miezi mitano, imekuja imeshikana na video.

Naye Zuhra, badala ya kuitupa, aliipokea. Ila alitaka aone na mwenzake anaumia.

"Mpigie," alisema. "Hapa hapa. Weka sauti nje."

"Zuhra..."

"Mpigie, au namtumia mzee."

Catherine alipokea mlio wa pili. "Baba, mbona mapema leo? Umenikumbuka?"

"Usinipigie tena," Swaibu alisema, macho kwenye meza. "Wewe mke wa mtu. Umenikalia kichwani, umenichosha. Mimi naoa. Nina mchumba anayejiheshimu."

Zuhra alihisi utamu ukimpanda kifuani, utamu mbaya, wenye kutu.

"Dada," Catherine alisema, wala sauti haikutetemeka. "Najua unasikiliza. Na mimi alimpigia mwenzangu hivi hivi, nikiwa nimekaa pembeni yake. Maneno ni hayo hayo. Hata hilo la kumkalia kichwani."

Akakata.

Swaibu aliona haya kwa muda mfupi tu, halafu akanyoosha mkono kumshika Zuhra. "Usimsikilize. Ana uchungu."

Hapo palikuwa mahali pa kuinuka. Barabara ya kurudi kwa mama yake ilikuwa wazi, mchana kweupe. Zuhra alichukua simu, akampigia mzee.

"Shikamoo, Mzee. Samahani. Kipande cha Alhamisi kimeharibika, kadi imekataa kusoma."

"Ah. Basi, mwanangu, kama umesema wewe." Mzee alikohoa sana. "Si kosa lako. Mwambie Swaibu anunue kadi mpya, mimi nitalipa. Na wewe ukiolewa usinifiche, nina kondoo wako hapa."

Zuhra alikifuta kipande kile. Kisha akatembea mpaka kwenye Noah, gundi ya kioo mkononi, ile isiyolegea kwa jua. Swaibu alisimama nyuma yake, kidevu begani kwake, akimnong'oneza vile atakavyomvisha, vile atakavyomlaza. Zuhra alizungusha karatasi kidogo kidogo. Barabara ikatokea. Akakandamiza mpaka ikashika.

"Hapo hapo," Swaibu alisema. "Ikae hivyo milele."

Wazee walikuja kweli Jumapili, Swaibu akiwa nao. Bi Ummy aliwatandikia mkeka, akawapa chai, na walipoondoka akamvuta bintiye jikoni.

"Ulikuwa umelia jana, leo unacheka. Nini kimepita kati ya kulia na kucheka?"

"Hakuna, Mama."

"Nimekuzaa mimi. Yule hakuangalia uso wako hata mara moja. Alikuwa anaangalia simu yako. Mwanamume anakuposa kama anayekuogopa, halafu kesho ukiwa huna cha kumwogopesha?"

"Mama, nimesema hakuna."

Mama alimchora kabla ya ndoa. Alipofika kwenye unyayo wa kushoto alisita, kisha akalichora jani, maana ndiyo desturi. Machozi yake yaliangukia kwenye hina, mshipa mmoja wa jani ukavurugika.

Siku ya pili ya ndoa Swaibu alimchukua kwenda Kibirizi kupunga upepo. Zuhra alikaa mbele, gauni la bluu bahari, mikono imejaa bangili. Alivua viatu, akaegesha miguu juu ya dashibodi, na Swaibu akaucheka ule mshipa uliovurugika, akaufuata kwa kidole.

Jumamosi mzee aliomba kipande hicho hicho. Zuhra alikata, akatuma, kisha akakaa kukitazama mwenyewe. Ziwa lilionekana linang'aa. Mitumbwi ilionekana. Kioo kilikuwa kisafi kana kwamba kiti cha mbele hakina mtu.

"Safi sana, mwanangu," mzee alipiga kusema. "Naona siku hizi habebi mtu mbele."

"Ndiyo, Mzee."

Sasa ni mwaka wa pili. Swaibu anarudi jioni, shati limekunjwa, akiulizwa anasema ni abiria wa Kasulu. Zuhra alijaribu mara moja kuibandua ile karatasi. Ukucha ukavunjika. Gundi ile ni kazi yake mwenyewe, na alikuwa fundi mzuri.

Mabinti wakipita Mwanga siku ya Jumamosi humkuta ameinamia video, saa nzima, ameongeza mwanga mpaka mwisho, uso karibu unagusa simu. Anatafuta upande wa kushoto wa kioo. Barabara ya Ujiji inapita mbele yake, kokoto kwa kokoto, safi, na hakuna kinachoonekana.